Mshono wa Mtungi

Mswada ulifika Jumanne, kurasa mia tatu na kumi,
umefungwa kwa kamba ya manila.
Daktari Kerubo aliutua mezani pangu
ofisini Ngara, juu ya duka la miwani,
akasema: "Nimeandika kuhusu mtungi.
Ule wa njano. Wa mafuta ya kupikia, kabla haujawa wa maji.
Nataka mama yangu ausome."

Sentensi ya kwanza ilikuwa na maneno sitini na mawili.
Niliyapitia kwa ncha ya kalamu
kama mtu achambuaye mchele, natafuta chuya.
*Chombo hifadhi cha polima chenye ujazo wa lita ishirini
katika muktadha wa uhaba wa kimfumo…*
Nikamuuliza: Daktari, nyumbani mnakiitaje?
"Mtungi."
Basi mtungi. Hauhitaji joho.

Akacheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole
na bado yuko kanisani.

Tukakaa hivyo wiki tatu,
mimi nakata, yeye anashona.
Nikamuuliza: vifuniko huenda wapi?
Mbona kila nyumba ina mitungi sita, vifuniko viwili?
Hapo akafunguka. Akanieleza juu ya gunzi,
nailoni ya mkate iliyokunjwa mara nne,
kiazi kilichochongwa kwa kisu hadi kikakaa shingoni kama kizibo.
Haya hayamo, nikasema.
Kurasa mia tatu na kumi, na haya hayamo.
"Nilidhani si elimu."

Tulinyamaza. Chini yetu, dukani,
mtu alikuwa anasoma herufi za ukutani kwa sauti,
zile kubwa kwa kishindo,
za katikati taratibu,
kisha akakwama.

Ukurasa wa themanini na nane niliufuta wote.
Ulihusu mshono: ule mstari mwembamba ubavuni
pale nusu mbili za kalibu zilipokutana kiwandani.
Pembeni niliandika kwa wino mwekundu: *Nani anajali?*
Daktari hakubishana.
Alisema tu, "Jumamosi nenda Huruma, kwa Syombua."

Mifereji ilikuwa imekauka siku ya nne.
Mitungi ilipanga foleni, wenyewe hawapo,
na hakuna aliyethubutu kuruka zamu:
huu una utepe mwekundu mkononi,
ule umeandikwa *Mama Tito* kwa rangi ya kucha.
Syombua hakujaza mtungi kabla ya kuuinamisha,
akaupitisha kidole gumba ubavuni, polepole,
kama anayepapasa homa ya mtoto.
Wa saba akaurudisha.
"Huu siujazi. Utapasukia ngazini, ghorofa ya nne,
halafu nirudishiwe lawama."
Sikuona ufa. Nilivaa miwani, sikuuona.
Umejuaje?
Akanitazama kama niliyeuliza maji hulowaje.
"Hapa ndipo ulipoungwa. Hapa ndipo utakapoachia."

Shilingi ishirini kwa mtungi. Hakuongeza neno.

Nilirudi Ngara kwa miguu
na wino mwekundu, jamani, haufutiki.
Nikaunakili ukurasa upya kwa mkono wangu, neno kwa neno,
nikagundua Daktari alikuwa ameandika vizuri tangu mwanzo
mahali pamoja tu, na mahali hapo ndipo nilipochoma kisu.
Sasa kitabu kinaanza na kidole gumba.

Jana tulimpelekea mama yake, Kawangware, sura tatu.
Alisoma huku akichagua kunde,
karatasi moja ikapata doa.
Alipomaliza alivua miwani, akasema:
"Ni vizuri. Lakini mbona hujasema unavyonuka?
Unasugua kwa mchanga na sabuni ya unga, unatikisa hadi mkono unakufa ganzi,
na bado chai ina ladha ya mafuta wiki mbili.
Wageni wanakunywa, wananyamaza.
Hiyo umeiacha wapi?"

Daktari alinitazama.
Mimi nikatazama kunde.
Kisha akatoa kalamu kwenye mkoba,
akageuza karatasi yenye doa,
akasema, "Mama, anza tena. Wiki mbili, halafu?"